Tulikwenda Kutembea, Hakuna Aliyekufa

Nguvumali,
Tanga.
9 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Samiha,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe, mumeo na wanao, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Baridi ya Maskati imepungua? Usiache kuvaa soksi ndani ya nyumba eti kwa sababu wenzio hawavai. Mgongo wako si wao.

Sisi huku hatujambo. Na leo nikisema hatujambo nina maana yangu: nakula, nalala, nasali kwa miguu yangu. Sikufa. Najua ulizisikia habari zote mbili siku moja, ya kufa kwangu na ya kutokufa kwangu, na nilipokupigia mwenyewe ulipiga ukelele ukakata simu. Kesho yake ukaniambia nisikusimulie kwa simu, maana ukianza kulia unapandwa na kichwa, nikuandikie yote taratibu. Basi kaa kitako, vaa miwani. Barua anakuletea Nasri, kijana wa jirani yetu anayeendesha magari huko kwenu. Kifuko cha karafuu na chupa ya achari ni vyako, asikwambie vinginevyo.

Jambo lenyewe alilianzisha shemeji yako Mwinyijuma. Unamjua, maisha yake yote alikuwa fundi wa korona kwenye mashamba ya mkonge, ile mashine ya kusindika majani, na usicheke, jina hilo lilikuwapo kabla ya ugonjwa. Tangu astaafu kazi yake ni kukaa barazani na kuitazama barabara. Mwezi wa Disemba alirudi kutoka kuzika Pangani, akavua kanzu, akakaa kitandani, akaniuliza, "Mama Luqmani, unajua kwamba Pangani mimi naijua makaburini tu?"

Nikamwambia, na Moa je, si ndiko kwenu? Akasema hata Moa. Tangu wazee wake waondoke, anakwenda kwa arusi na misiba, anashuka, anakula wali wa watu, anarudi na gari la jioni. Pwani hii yote ameiona akiwa na haraka. Kisha akasema, "Twende tukatembee. Twende kabla hatujaitwa."

Mdogo wangu, mimi sikujivunga hata kidogo. Utakumbuka kwamba fungate yetu haikumaliza siku zake, alirudishwa kiwandani harufu ya udi haijatoka chumbani. Nikamwambia hiyo unayoitaka sasa ndiyo fungate yangu, na ninaidai. Luqmani alipopata habari alikuja mbio. Mwanangu ni mtoto mwema lakini anaogopa maneno ya watu kuliko anavyoogopa mvua. Akasema, watu wakiwaona mnazunguka na mabegi watasema sisi watoto tumewatupa. Baba yake akamjibu, "Waambie tumewatupa nyinyi." Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa nikwambie la moyoni, maana mimi niliingia safarini na jambo langu. Wewe ulikuwa mdogo wakati naolewa, unayajua kwa kusimuliwa. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, walii wangu akawa Kaka Yakoub, na Kaka alikuwa ameshampa neno mtu wake wa kwetu Wete, Pemba, mwenye mikarafuu. Mimi, mwalimu mpya hapa Tanga, nikamwona fundi wa Moa mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha, nikasema ni huyu. Kaka hakukataa. Alituma idhini kwa kadhi, ndoa ikafungwa, yeye hakuja.

Tangu hapo hakuwahi kumvunjia mume wangu heshima. Afadhali angemvunjia! Alimwita "Bwana Mwinyijuma". Wewe unajua mashemeji wa kwetu wanavyotaniana mpaka watu wazima wanaona haya. Lakini sisi kila tulipokwenda Pemba, kwa mazishi ya Mama, kwa arusi ya mwanawe, Kaka alimwekea Mwinyijuma kiti wakati wenziwe wako mkekani, akamtengea sahani ya peke yake kama mkaguzi wa shule, akamuuliza habari za mvua. Na kwangu hapa hakuwahi kukanyaga. Akija Tanga kwa shughuli zake hufikia Ngamiani kwa rafiki yake, mimi ndiye namfuata huko kumwamkia. Miaka thelathini na nane, Samiha. Mwinyijuma hakunung'unika hata mara moja, na kutonung'unika kwake ndiko kulikonichoma. Kwa hiyo nilijiwekea nia: safari itaishia Pemba, na sitarudi mpaka nimesikia Kaka akimwita mume wangu shemeji kwa mdomo wake mwenyewe.

Tulianza Moa. Tuliacha gari barabara ya Horohoro tukachukua bodaboda mbili, mimi na begi langu, yeye na lake pamoja na mkeka. Wifi yangu Mwanamwema, dada mkubwa wa Mwinyijuma, alikuwa uani anachuja nazi. Alipotuona tunashuka na mabegi aliachia kifumbu, tui likamwagika, akajishika kichwa.

"Nani? Semeni, mwanikata roho! Nani?"

"Shikamoo dada. Hakuna mtu. Tumekuja kutembea."

"Kutembea na mabegi?"

Hakuamini. Alitukaribisha vizuri sana, lakini wakati wa kula alikuwa akitutazama usoni mmoja mmoja, anangoja nani atashindwa kujizuia aitoe habari. Mchana tulipojilaza nikamsikia anampigia Luqmani simu, anamuuliza kwa sauti ya chini ni nani tunayemficha. Siku ya tatu ndipo alipoanza kucheka na sisi, na hapo akatupikia bada, ule ugali wao wa muhogo mkavu, kwa mchuzi wa papa, chakula ambacho Mwinyijuma akikila huwa hasemi mpaka amemaliza.

Moa niliipenda. Mwinyijuma aliniongoza kwenye mikoko alikokuwa akibandua chaza utotoni, akanipitisha kwenye mashamba ya chumvi, akaniambia nani alikuwa akikaa wapi. Tulitembea sambamba, si yeye mbele na mimi nyuma kama tunavyokwenda msibani. Maji yalipojaa alijifunga msuli akaingia, akaogelea mpaka mbali, mtu wa umri ule, na mimi nimesimama ufukweni nimemshikia kofia na miwani. Wanawake waliokuwa wakianika uduvi wakaniuliza, "Mumeo yule?" Nikawaambia ndiye. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kutoka Moa tulirudi mjini, tukalala kwetu kama wageni, tukashika njia ya Pangani. Kule hatukutaka kufikia kwa watu, tulijua tutawaliza bure. Tukaenda gesti. Mapokezi kulikuwa na binti mmoja anaitwa Anastazia, mpole, akatutazama, akatazama mabegi, akauliza kwa adabu kama sisi ni mtu na mkewe. Mimi nilitaka kukasirika. Mwinyijuma akamwambia, "Binti, mke wa kuiba ndiye angenigombeza njia nzima namna hii?" Akacheka akatupa chumba cha juu, dirisha linatazama mtoni.

Samiha, Pangani ni mji mzuri na mimi nilikuwa siujui. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na vitumbua kwenye baraza ya duka, tukitazama kivuko kinavyovusha watu na baiskeli zao kwenda Bweni na kurudi. Hatukuwa na tunachokingojea. Mzee mmoja akapita, akamwona Mwinyijuma, akasimama, akampa mkono, akamwambia pole sana. Pole ya nini hakujua wala hakuuliza. Amezoea kumwona mazikoni. Mwinyijuma akamjibu, "Tumeshapoa," akamwagizia chai.

Siku nyingine tukavuka, tukachukua bajaji, tukapita Mwera, tukasimama kunywa madafu. Mwinyijuma na mwenye madafu wakaanza kubishana nazi ya Mwera na nazi ya Moa ipi ina tui zito. Sikuwaingilia, nilikuwa nimekaa kivulini nimenyoosha miguu. Kisha tukafika Ushongo, ule ufukwe wenye mahoteli. Mchanga mweupe, maji ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Wageni wa Ulaya wamelala kwenye viti vyao. Sisi tukatandika mkeka wetu, tukatoa chupa ya chai na sambusa. Wakaja wawili, mke na mume, wa umri wetu, wakamtuma kijana wa hoteli atuombe kutupiga picha, na atuulize sisi ni wenyeji wa pale? Mwinyijuma akamwambia, "Waambie na sisi ni watalii." Wale watu wakakaa mkekani wakala sambusa mpaka zikaisha, na kijana wa hoteli ndiye aliyetupiga picha sote wanne. Nakutumia nakala yake ndani ya bahasha. Mtazame shemeji yako alivyokaa, utadhani ufukwe ni wake.

Nilijivuna siku ile, sikufichi. Nilijivuna kwamba sina hereni za dhahabu za kuwaonyesha watu lakini nina mume anayeweza kukaa na mtu yeyote akawa sawa naye. Nikawaza, huyu ndiye Kaka anayemwekea kiti.

Basi tukarudi Tanga, tukapanda boti kwenda Pemba. Sikumpigia Kaka simu. Nilijua nikipiga atakitayarisha kiti. Mwinyijuma alinishauri tupige, nikamwambia hii ni fungate yangu.

Bahari haikuwa mbaya, tumbo la Mwinyijuma ndilo lililokuwa baya. Mtoto wa Moa, ukoo mzima wavuvi, alitapika kutoka Tanga mpaka tunatia nanga. Na ile barabara ya kwenda Wete, unaijua ilivyo na milima na kona, ikammaliza. Tuliposhuka Wete macho yalikuwa mekundu, mdomo umekauka. Pale pale tukakutana na Tuhfa, niliyesoma naye darasa moja, akanishika mkono, hataki kusikia lolote, lazima niingie kwake japo nionje uji. Mwinyijuma harufu ya chakula tu ilikuwa ikimgeuza tumbo. Nikamwambia atangulie kwa Kaka na mizigo, ni hatua chache, nakuja nyuma. Nikampa na mkoba wangu wa mkononi, ule mweusi, pamoja na kanga yangu niliyoivua kwa joto. Simu yangu imo mkobani.

Haya ninayoandika sasa nimeyapata kwa wifi yetu Mastura na kwa Mwinyijuma mwenyewe. Fikiria: Kaka Yakoub amekaa barazani baada ya Alasiri. Anamwona Bwana Mwinyijuma anakuja peke yake, bila taarifa, kavaa kanzu, macho mekundu, mabegi mawili, na kwenye mkono ananing'iniza mkoba wa dada yake na kanga. Kaka akasimama. Akauliza, "Tausi yu wapi?" Na Mwinyijuma wakati ule kichefuchefu kilikuwa kimempanda kooni. Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa, akainua mkono, yaani, nipe nafasi kidogo.

Mastura anasema alimsikia Kaka akisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha ukelele wa kwanza aliupiga yeye mwenyewe Mastura, sufuria bado mkononi. Majirani wakatoka. Mtu akaleta mikeka. Mwinyijuma akajaribu kusema hajafa, hajafa, lakini nani anamsikiliza? Walimwambia, "Ndivyo, baba, ndivyo inavyokuwa, subiri." Mwingine akasema mwacheni, akili haijamkaa sawa. Binti wa Kaka akapiga namba yangu ili ahakikishe, na simu ikaanza kulia ndani ya mkoba, kwenye mapaja ya Mwinyijuma. Hapo ndipo, naambiwa, mtaa mzima ulipoangua kilio. Na binti huyo huyo ndiye aliyekupigia wewe Maskati. Nimeshamsema. Usimchukie, ana uchungu na shangazi yake.

Lakini sikiliza hili. Mume wangu, alipoona wale watu wanalia kwa yakini namna ile, na Mastura amejitupa chini, akaingiwa na wasiwasi. Akajiambia, hawa wamepata habari mimi sijaipata. Nimemwacha mzima kwa Tuhfa, lakini pengine ameanguka nilipogeuka tu, wamepigiwa simu. Naye akaanza kulia! Fundi wa korona, mtu niliyemwona akishonwa kidole bila ganzi hakutikisa ukope, akalia kwa sauti, akiniita kwa jina langu, si Mama Luqmani. Tausi, Tausi. Nani angekuwa na shaka tena?

Na Kaka Yakoub akamkumbatia. Mastura aliyasikia kwa masikio yake, na aliniapia. Kaka alisema, "Shemeji yangu. Shemeji, tumebaki mie na weye. Umenitunzia dada yangu, na mie sikuwahi kukwambia."

Mimi huku nimemaliza uji, nimeaga, nakuja zangu polepole. Nikaona watu wamejaa uani kwa Kaka, wanaume kichwa chini. Nje ya ua alisimama mwanamke nisiyemjua, mgeni wa mtaa. Nikamuuliza, kuna nini?

"Msiba. Dadaake Mzee Yakoub."

Samiha, nilikufikiria wewe. Nilishika ukuta. Nikamuuliza yupi.

"Wa Tanga. Yule mwalimu. Wasema alikuwa mtu mwema sana, maskini."

Nilibaki nimesimama. Hofu juu yako ilinitoka, na mahali pake hapakuingia kitu. Nikachungulia. Mume wangu na kaka yangu walikuwa wamekaa mkekani, mkeka mmoja, wameshikana, kila mmoja anamfuta mwenziwe machozi kwa kanga yangu. Najua ilinipasa niingie mbio. Sikuingia. Nilisimama kidogo nikawatazama, na ukitaka kunilaumu nilaumu, lakini sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

Kisha mtoto akaniona akasema kwa sauti, "Bibi Tausi huyu hapa." Sikuelezi makelele. Mastura alikimbilia ndani akajifungia, kwanza alidhani mimi ni mzuka. Mzee mmoja alianza kunisomea. Mwinyijuma alisimama, akanishika mabega mbele ya watu wote, akanitazama kichwani mpaka miguuni, akasema, "Ulikuwa wapi?" kama niliyechelewa kutoka sokoni.

Kaka alinyoosha mkono. Alinigusa shavu, akahakikisha. Kisha akatazama huku na huku, majirani wote wale, machozi yale, na akamtazama Mwinyijuma. Akashusha macho. Akaokota kofia yake, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nikajua amefedheheka. Mtu mzito kama Kaka, ametokwa na maneno mbele ya mtaa kwa jambo ambalo halikuwa. Nikasema moyoni, basi, hilo ndilo shemeji la kwanza na la mwisho, amelitoa kwa maiti, si kwa mume wangu. Sasa atatoka amejinyoosha, na kiti kinarudi. Nilitamani ardhi inimeze kwa sababu ya kutopiga simu. Mwinyijuma akaniambia, "Usijali, Mama Luqmani. Nimezoea." Ndilo neno pekee la uchungu nililowahi kumsikia akisema juu ya Kaka.

Majirani kwa ukarimu wao walikuwa wameshapika. Wali wa msiba ukaanza kuingia, sinia juu ya sinia, mtu hawezi kurudisha chakula alichokwisha kukipakua, wakasema basi na uwe wa kushukuru. Mikeka ikapangwa upya. Na Mastura, maskini, kwa mazoea, alipotoka chumbani akaleta kile kiti akakiweka pembeni, na sahani yake peke yake juu ya kimeza. Mwinyijuma akaenda akakaa. Mimi nilikuwa mlangoni na birika na beseni la kunawia.

Kaka akatoka. Amenawa uso, amebadili kanzu. Akatazama kiti, akatazama sahani. Akaenda akaichukua sahani ya Mwinyijuma, akaumwaga wali wote kwenye sinia la katikati.

"Shuka chini, shemeji," akasema. "Mtu aliyeniliza mbele ya mtaa mzima hakai kwenye kiti changu."

Mwinyijuma akashuka taratibu, akakaa mkekani, goti kwa goti na Kaka, akasema, "Na wewe je? Nimemwacha mke wangu anakunywa uji, nimefika kwako nimemkuta marehemu. Nyumba gani hii?"

"Mdigo weye! Kwenu wavuvi, chombo kikitikisika kidogo watapika mpaka maziwa ya mamaako. Waja kwangu na mkoba wa kike mkononi. Mie nikudhanie nini?"

Uani wakaangua kicheko, na Kaka mwenyewe akacheka mpaka akapaliwa, Mwinyijuma akampiga mgongoni. Nikasogea na birika. Wakanyoosha mikono yao pamoja juu ya beseni moja nikawanawisha, na maji mengine nikayamwaga kwenye mkeka. Hakuna aliyenisema.

Tulikaa Wete zaidi ya tulivyokusudia. Karafuu zimeshaanuliwa, Kaka hakuwa na kazi, akawa anatuongoza yeye. Alitupeleka ufukwe wa Vumawimbi, na kule njiani akatuambia hajafika tangu alipokuwa kijana. Wote watatu tulikunja nguo tukaingia maji ya magoti. Kaka na Mwinyijuma walitaniana kutwa nzima, mambo mengine siwezi kuyaandika katika barua. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba viatu vya wote, na nilikuwa nimenona kwa furaha.

Tulipoaga, Kaka alitusindikiza bandarini. Nikamwona naye ana begi. Nikamuuliza, Kaka, unakwenda wapi? Akasema, "Sitangoja ufe kweli ndipo niione nyumba yako." Akapanda. Boti nzima alikuwa akimshikia Mwinyijuma mfuko wa kutapikia, na kumsimanga.

Tulipofika hapa Nguvumali nilitaka kumfungulia mlango aingie. Akanizuia. Akamwacha Mwinyijuma atangulie ndani, yeye akabaki nje kwenye jua, akapiga hodi, akangoja. Mume wangu akamwambia karibu kutoka ndani, na ndipo akaingia kwa mguu wa kulia. Hajawa mgeni tangu dakika ile. Luqmani alikuja na wanawe kumwamkia mjomba, akakuta wazee wawili wanagombania mto wa kuegemea.

Nakuandikia haya niko jikoni, wao wako barazani. Asubuhi yule rafiki yake wa Ngamiani alimpigia simu kumuuliza kwa nini amekuja Tanga hajafika kwake. Kaka akamjibu kwa sauti yake ile, mtaa wote ukasikia, "Nimefikia kwa shemeji yangu. Nna kwetu hapa." Nilizima jiko nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nikalia, Samiha, na nilikuwa najivuna kama siku niliyoolewa. Siku ile nililia pia, lakini kwa sababu nyingine.

Sasa salamu. Luqmani na mkewe wanakusalimu, watoto wanaulizia zile peremende. Wifi Mastura anakusalimu na anaomba radhi kwa ule ukelele. Mwanamwema wa Moa anakusalimu. Ameshasikia ya Pemba na anasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba safari ile ina mtu. Nisalimie mumeo na wanao wote, na usiwasahau akina Bi Ruthi jirani yako aliyekushika mkono siku ile ulipopata habari yangu. Mwenyezi Mungu atufikishe sote Ramadhani na afya, atuongezee umri wa kutembeleana bila kuitwa, amin.

Nilikwenda barazani kumuuliza Kaka nimwandikie nini katika salamu zake. Akafikiri, akasema niandike neno kwa neno, nisizidishe. Nimeandika kama alivyosema: Yakoub na shemeji yake Mwinyijuma wanakusalimu pamoja.

Dada yako akupendaye daima,
Tausi.